Mtungi Nyuma ya Tanuri

Hawakutafuta. Hilo ndilo lililomchoma Odarka kuliko yote. Wanaume wanne wenye fimbo za chuma waliingia, wakaenda moja kwa moja nyuma ya tanuri, wakang'oa matofali mawili na kuutoa mtungi wa ngano kama watu wanaochukua chao.

"Shamba la pamoja halijafikisha mgao wa nafaka unaodaiwa na serikali, na nyinyi mnaficha," alisema Prokip, mkuu wa kikosi cha kupekua nafaka.

"Mgao gani tena? Mmebeba hata mbegu! Mtoto wangu ale nini?"

Prokip aliukumbatia mtungi akatoka bila kumtazama.

Hafiyka, wa miaka minne, alilala juu ya tanuri lililopoa, pale walipozoea kulala kupata joto, tumbo limevimba, miguu kama vijiti. Bibi yake Uliana, mama mkwe wa Odarka, alimpapasa kichwa. Hakulia, hakulaani.

Odarka hakuweza kutulia. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Machi ya mwaka ule wa 1933, kwenye udongo mweusi wa Ukraine uliozoea kulisha hata nchi za mbali, ngano ile ndiyo iliyokuwa imewabakiza hai. Lakini hawakuwahi kuipika. Moshi ukionekana tu kwenye bomba, kikosi hicho mlangoni: mnapika nini? Jiwe la kusagia walishalivunja. Basi walitafuna punje mbichi, na mtoto alizitoa nzima kama alivyozimeza.

"Nani alijua, mama? Mimi, wewe, na nani mwingine?"

"Keti, mwanangu. Unamaliza nguvu bure."

"Teklya! Jumapili alikuja kuomba chumvi, akasimama palepale!"

"Teklya hana kosa. Mwache."

Odarka alishatoka.

Hakukuwa na mbwa wa kumbwekea njiani; wote walikuwa wameshaliwa. Jirani yake alikuwa kizingitini, akichambua makapi.

"Shoga, mbona unatweta hivyo?"

"Umepewa kiasi gani, Teklya? Kijiji kizima kinajua, anayetaja maficho anapewa sehemu ya tano. Utaimeza ngano ya mwanangu?"

"Umerukwa na akili wewe! Mtu mwenye ngano ana miguu kama hii?" Teklya alipandisha sketi. Miguu ilikuwa imevimba hadi ngozi inang'aa. Kisha akasimama taratibu, macho yamebadilika. "Kumbe mlikuwa na ngano. Mimi nakuja kuomba chumvi, unaniapia kwa Mungu huna kitu, kumbe mnatafuna ngano! Basi vizuri. Vizuri sana wameichukua."

Maneno hayo ndiyo yaliyommaliza Odarka. Aliyasikia kama maneno ya mtu anayekiri.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda hadi ofisi ya kijiji, hatua kumi na kupumzika, hatua kumi na kupumzika, akamkuta Prokip mezani.

"Teklya ana viazi," alisema. "Kwenye kaburi la mumewe, upande wa miguuni."

"Umejuaje?"

"Nilimsaidia kuvifukia."

Prokip alichukua kofia yake.

Odarka alipofika nyumbani, sauti ya Teklya ilisikika kutoka makaburini. Hakuwa akipiga kelele kama mtu anayegombana. Alikuwa akimwita Odarka kwa jina, tena na tena, aje awaambie wale watu kwamba wamekosea. Odarka alimziba Hafiyka masikio. Yake mwenyewe hakuyaziba.

"Umefanya nini?" aliuliza Uliana. "Odarka, umefanya nini?"

"Nilichofanyiwa."

Uliana alifungua mdomo kusema, lakini mlango ulisukumwa. Alikuwa Prokip, peke yake, na kifuko begani. Odarka aliinuka. Aibu ilimvuta nyuma, njaa ikamsukuma mbele, na njaa ikashinda. Alinyoosha mikono yote miwili.

"Ni sehemu yangu?"

"Yako ya viazi kesho, tukishapima." Prokip alimpita, akakiweka kifuko mapajani kwa Uliana. "Hii ni sehemu yako ya ngano, mama. Pika mchana kweupe kama ulivyotaka. Hakuna atakayekuuliza."