Memori Isiyo na Taa

Zuhura, mhariri wa video za harusi, aliingia duka la vipuri vya kompyuta na mashine yake mgongoni, kaifunga kwa kanga kama mtoto mwenye homa. Alikuwa ameikimbiza kupita kasi iliyowekewa kiwandani, na filamu inayosubiriwa jioni hiyo ikawa inakwama kila shangazi wa bwana harusi alipofungua kinywa kupiga kigelegele.

Muuzaji akamwambia, "Chukua memori hii yenye taa, dada. Hiyo kavu, isiyo na taa, ni kubwa, lakini haitaziweza mbio zako."

"Kaka, nahariri harusi, sifungui disko. Hela yangu inafika kwenye hiyo kavu. Ichomeke tuone."

Muuzaji akaichomeka, akaiwasha filamu. Shangazi akafungua kinywa. Zuhura akafumba macho.

Kigelegele kikapita chote bila kukwama. Kwenye saluni ya jirani, wanawake wasiojua harusi ya nani wakakiitikia, na mmoja akatoka nje akicheza, rola zingali kichwani.