Ndoo Tatu Kando ya Kitanda

Tangu kiharusi kimnyang'anye usemi, Mzee Faki hakuwa na cha kutazama ila samaki wake wawili wa baharini katika tangi la kioo. Sasa maji yalikuwa yamechafuka, na mkewe, Bi Raya, hakujua ayabadilishe kwa yapi. Muuza samaki wa mapambo alisema ya bomba yana dawa, yatawaua. Jirani akasema ya ufukweni yana mafuta ya boti, heri ya mvua yatiwe chumvi. Chumvi kiasi gani, hakujua.

Akapanga ndoo tatu kando ya kitanda cha mumewe: ya bomba, ya ufukweni na ya mvua.

"Baba Ngwali, mwenzio nimechanganyikiwa," akamwambia mumewe. "Ni ipi?"

Mkono wa mzee ambao haukupooza ukanyanyuka, ukamshika Bi Raya kidole, ukakichovya kwenye ndoo ya mvua, ukakipeleka mdomoni mwa mzee mwenyewe. Akaonja. Akatikisa kichwa.

Bi Raya akaongeza chumvi. Mzee akaonja tena, akafumba macho.

"Yametosha, au umechoka?"



Bi Raya akaanza kumimina tangini kidogo kidogo. Samaki mmoja akapanda kuyapokea maji mapya. Wa pili akabaki nyuma ya jiwe, mapezi yakipepea.