Anayelia Aingie Kwanza

Wabuge alipenyeza vidole viwili chini ya blanketi, akashika paja la mwanawe, akafinya.

Maurice, mwenye miaka miwili na mafua ya siku tatu, alipiga yowe lililogeuza shingo za foleni nzima ya kumwona daktari. "Woi, maskini," watu wakasema. Wabuge akambembeleza kwa sauti kubwa, uso mkavu kabisa. Alikuwa na haraka. Kule Langas, msimamizi wa mjengo alishamwambia kwamba asipofika saa nne, kibarua chake atapewa mwingine.

Mbele yake alibaki mtu mmoja tu, Jepkosgei, mama aliyetoka Moiben alfajiri na mtoto mchanga ndani ya shali.

"Wako hasumbui," Wabuge alikuwa amemwambia mapema.

"Jana alilia kutwa. Leo ametulia, Mungu ni mwema."

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akatoa kichwa, akatega sikio.

"Huyo anayelia, ingia! Mama, wako amelala, ngoja kidogo."

"Sawa, sista," Jepkosgei akasema, akakunja miguu ili Wabuge apite.

Daktari alimpima Maurice kifua, masikio na koo. Ni mafua tu, akasema, ampe maji mengi. Kisha akaona alama nyekundu pajani.

"Na hii?"

"Mbu, daktari."

Daktari alimwangalia kidogo, akaendelea kuandika. Wabuge aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

Angeweza kutoka akashika njia yake, maana saa nne ilikuwa haijafika. Lakini Jepkosgei alikuwa palepale kwenye benchi, amekumbatia shali lake bila kinyongo, na moyo ukamsuta Wabuge vibaya sana. Mtu mzima na ndevu zake, kumfinya mtoto mgonjwa ili amwibie mama wa watu zamu! Akaketi kando yake.

"Mama, unisamehe. Huyu wangu hakuwa mgonjwa hivyo. Nilimfinya ndio alie, tuitwe haraka."

Jepkosgei alimtazama, kisha akacheka kwa sauti ya chini, asije akamwamsha mtoto.

"Wacha tu, baba. Hata mimi nilimfinya wangu tukifika hapa, mara tatu. Ni vile huyu ni mpole sana, hata hakushtuka."