Chini ya Magitaa

"Shusha tena," mwimbaji alisema.

Fundi mitambo aligeuka na kiti chake. "Dada, nikiishusha zaidi hii sauti, watu watadhani siku ya kurekodi ulikuwa umelala."

"Wadhani. Shusha."

Hakuwa amekaa tangu asubuhi. Aliegemea ukuta uliobandikwa sponji, akauacha, akaenda kuchungulia mlangoni, akarudi. Mume wake, mpiga gitaa wa bendi, alikuwa ametoka kununua chai, na foleni ya chai haimchukui mtu milele. Nyimbo zilitakiwa kutoka studio leo hii. Zikishatoka, la kuzama limezama.

Albamu yao ya kwanza ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa: gitaa, ngoma, na sauti yake mbele. Hii ya pili ilikuwa kitu kingine kabisa. Mume alikuwa ameangukia ule mtindo wa wapiga gitaa wanaoinamia viatu vyao kama waliodondosha sarafu, wakikanyaga pedali za kugeuza mlio mpaka nyuzi zinavuma chumba kizima. Akauchanganya na vituko vya saikedelia, ule muziki wa njozi wa miaka ya sitini: kinanda cha kutia kizunguzungu, kanda zinazochezwa kinyumenyume. Majirani walilalamika. Mpiga ngoma alinuna. Mwimbaji peke yake alishangilia kwa moyo wote, maana ndani ya kelele ile alikuwa amepata pa kuuficha wimbo wa mwisho.

Wimbo huo aliutunga siku ya hasira, na hasira ilipoisha akakuta maneno bado ni kweli. Ulimhusu mwanamke asiyempenda tena mumewe. Kila asubuhi hufunga mizigo kichwani mwake, kisha hubandika maji ya chai kama kawaida. Angeweza kuutupa. Lakini ulikuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kutunga, na mtunzi ni mtunzi hata akijichimbia shimo. Kuondoka hakuwa ameamua. Alichokijua ni kwamba hakutaka mumewe aipate habari hiyo kwenye spika.

Bahati yake, mwanamume yule hakuwahi kuuliza chochote. "Mimi maneno siyashiki," alizoea kusema huku akicheka. "Nashika milio tu."

"Mficha uchi hazai, dada," fundi alisema sasa. "Hebu jisikie ulivyoimba." Na kabla hajazuiwa, akazima magitaa yote.

Sauti ikabaki peke yake chumbani, kila neno waziwazi. Mlango ukafunguka. Mume akaingia na vikombe vya chai.

"Zima!" Mwimbaji aliirukia mashine, akabonyeza kitufe kisicho chenyewe, na sauti ikazidi. Ubeti ukaisha, kiitikio kikaanza. Mume aliviweka vikombe mezani, kimoja kimoja, bila kumwaga hata tone.

Fundi, asiyejua alilolifanya, alisimamisha wimbo na kumgeukia mume. "Kaka, amua wewe. Sauti kama hii unaifukia vipi? Mlipoanza albamu hii, kabla dada hajatia maneno, kila wimbo ulikuwa na gitaa moja tu, tena la upole. Mlipatwa na nini?"

Mwimbaji alitazama sakafu. Hakuthubutu kuinua macho.

"Lilikuwa moja," mume alisema, "mpaka siku niliyomsikia akiuimba huu jikoni, akidhani nimetoka. Nikaongeza la pili. Halikutosha, nikaongeza mengine, nikaongeza na kinanda."

Alivuta kiti, akalipakata gitaa lake, akaanza kukaza nyuzi.

"Bado nayasikia maneno," alimwambia fundi. "Rekodi jingine."