Gunia la Bwana Mifugo

Pete ya kuku ikiwaka nyekundu mguuni kuonyesha ugonjwa, sheria inataka banda zima lichomwe siku ya tatu. Ya tetea wa Nyanzala ilipowaka, hakukaa kulia. Alikata shubiri nyuma ya choo, akaikamulia kwenye ndoo ya maji, akawanywesha kuku wake mmoja mmoja kwa kijiko.

Siku ya tatu bwana mifugo akaja na gunia la kubebea kuku wa kuchomwa. Akainama, akakagua miguu yote. Pete zilikuwa kijani.

“Umewapa nini, mama?”

Kutibu kwa majani ni kifungo. “Maji tu, baba.”

Bwana mifugo akachovya kidole ndooni, akaonja, uso ukamkunjamana. Akatazama barabarani, kisha akamnyooshea gunia.

“Basi nikatie hayo maji, mama. Wangu wamewaka tangu jana.”