Nukta Kando ya Nge

Njia ya pili ya kompyuta ilipomaliza kuunganisha zile picha arobaini za anga, nukta haikuwepo.

Advera aliirudia hesabu taratibu kichwani. Njia ya kwanza, ya wastani, ilichukua kidogo kutoka kila picha, na nukta ikabaki kando ya nyota za Nge. Ya pili ilichukua thamani ya katikati na kutupa kilichotokea mara moja tu. Basi nukta ilikuwa kwenye picha moja. Ilikuwa chenga ya kamera, si nyota.

Kompyuta ilimuunguza mapaja. Hakuiondoa.

Nje, viti vya plastiki vilishapangwa. Wiki nzima baba yake alikuwa akiwatangazia watu wa Goweko kwamba binti yake ameona nyota mpya. Leo, baada ya ibada, wangeipa jina la marehemu mama yake.

“Advera, picha bado? Mchungaji ameshakaa, na shangazi zako wameanza kulia hata hawajaiona!” baba yake aliita.

Dirisha lilikuwa na nondo. Mlango ulikuwa mmoja, na baba alikuwa amesimama hapo.

Alirudisha picha ya kwanza. Nukta iling'aa. Kidole kilikaa juu ya kitufe cha kuchapa.

“Baba,” alisema, “naomba uingie peke yako. Ufunge na mlango.”