Picha Moja kwa Mwaka

Kila mtu aliruhusiwa picha moja tu kwa mwaka, na simu zilibeba sauti tupu. Picha ya Ramla safari hii ilikuwa ahadi kwa mama yake kule Pangani: uso wa bintiye, ambao hakuuona tangu Ramla ahamie peke yake kwenye nchi ya theluji.

Asubuhi akatoka nje ajipige picha. Kabla hajaigeuza kamera, mbwa mwitu wakateremka mlimani, wamefuatana kimya katika weupe ule usio na mwisho, na kidole chake kikamtangulia kubonyeza. Kamera ikajifunga hadi mwakani.

Akaituma hivyohivyo, roho ikimuuma. Jioni akapiga simu kuomba radhi.

"Shikamoo, mama. Ile picha…"

"Marahaba, mwanangu. Imefika." Ramla alimsikia akiisogeza karibu na macho yake, yaliyokwisha kuingia ukungu. "Nimekuona. Umekonda."

Ramla akaikaza simu sikioni.

"Ni wewe huyu wa nyuma kabisa, siyo?" mama akauliza taratibu. "Mbona wenzako wamekuacha?"